Mapengo Katika Data za Kategoria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawalenga wanaochambua data za madodoso, sajili na fomu kwa kutumia R, Stata, SPSS, SAS au Python, hasa vigeu ambavyo thamani zake ni majina ya makundi: hali ya ndoa, kundi la damu, kiwango cha elimu, Ndiyo au Hapana. Programu hizi zote hufanya uamuzi kuhusu mapengo, yaani majibu yaliyokosekana, bila kukuuliza, na kila moja huamua kwa namna yake. Makosa mengi yanayoelezwa hapa chini yanaanzia hapo.

Je, mapengo yote ni ya aina moja?

Hapana, na hili ndilo jambo la kwanza kulipanga kabla ya kugusa amri yoyote. Nafasi tupu kwenye swali la "Unavuta sigara ngapi kwa siku?" inaweza kumaanisha mhojiwa havuti kabisa, kwa hiyo swali lilirukwa kwa makusudi. Inaweza kumaanisha alikataa kujibu, au alisema "Sijui", au alijibu vizuri ila mwingizaji data akaruka kisanduku.

Pengo la kwanza halijazwi kamwe, kwa kuwa hakuna jibu lililopotea. Kumkadiria asiyevuta idadi ya sigara ni kutunga data. "Sijui" nayo yahitaji kufikiriwa: katika swali la maoni ni jibu kamili linalostahili kuwa kategoria yake, lakini katika swali kama "Je, mtoto alipata chanjo?" ni taarifa iliyokosekana. Kwa hiyo weka misimbo tofauti kwenye data ghafi, kwa mfano 97 kwa "halimhusu", 98 kwa "sijui" na 99 kwa "amekataa". Kuunganisha misimbo baadaye ni kazi ya dakika moja. Kuitenganisha baada ya kuunganishwa haiwezekani.

Kila programu huandikaje pengo?

R hutumia `NA` kwa aina zote za vigeu. Katika kigeu cha aina ya `factor` (kigeu cha kategoria cha R), `NA` si mojawapo ya ngazi zake, yaani makundi yake, kwa hiyo `levels()` haitaionyesha.

Stata ina alama 27 za pengo kwa vigeu vya namba: nukta peke yake, kisha `.a` hadi `.z`. Kwa vigeu vya maandishi, pengo ni `""`. Herufi hizo ni msaada mkubwa, maana unaweza kuweka `.a` kwa "halimhusu" na `.b` kwa "amekataa" bila kupoteza tofauti.

SAS ina 28: nukta, `._`, na `.A` hadi `.Z`. Kwa maandishi, pengo ni nafasi tupu.

SPSS hutenganisha pengo la mfumo na pengo lililotangazwa na mtumiaji. Kwa amri ya `MISSING VALUES` unaruhusiwa kutangaza thamani tatu, au masafa mamoja pamoja na thamani moja ya ziada. Jihadhari na vigeu vya maandishi: kwa SPSS nafasi tupu ni thamani halali mpaka utangaze vinginevyo.

Katika pandas, paketi ya Python ya kushughulikia majedwali, safu ya aina ya `category` huhifadhi pengo kwa msimbo wa ndani wa -1. Ukichukua `cat.codes` na kuipeleka moja kwa moja kwenye modeli, pengo litaingia kama kundi lenye namba -1, wala hutaona onyo lolote.

Nimepakia faili la CSV kwenye R. Naona visanduku vitupu, lakini `is.na()` inasema hakuna pengo. Kwa nini?

Kwa sababu `read.csv()` hugeuza kisanduku kitupu kuwa `NA` kwenye safu za namba tu. Kwenye safu za maandishi hukiacha kama neno lisilo na herufi, yaani `""`, na ukigeuza safu hiyo kuwa `factor` utapata ngazi ya ziada isiyo na jina. Andika:

`d <- read.csv("data.csv", na.strings = c("", "NA"), strip.white = TRUE)`

Sehemu ya `strip.white` huondoa nafasi zilizo kando ya neno. Bila hiyo, "Ndiyo" na "Ndiyo " zitahesabiwa kama makundi mawili, na kisanduku chenye nafasi moja hakitatambuliwa kuwa kitupu. Kama faili limeshapakiwa, tumia `trimws()` kwanza, kisha `d$x[d$x == ""] <- NA`.

Usiongeze "99" kwenye `na.strings`. Agizo hilo hufanya kazi kwenye safu zote, kwa hiyo mtu wa miaka 99 atapoteza umri wake. Geuza misimbo hiyo safu kwa safu.

Kuna mtego mwingine upande wa pili: thamani halali inayosomwa kama pengo. Msimbo wa kimataifa wa herufi mbili wa Namibia ni NA, nao R na pandas huusoma kama data iliyokosekana, kwa hiyo nchi nzima hutoweka kwenye majedwali. Katika pandas tumia `keep_default_na=False, na_values=[""]`. Katika R weka `na.strings = ""`.

Kwa nini asilimia zangu hazilingani na za mwenzangu, ilhali data ni ileile?

Mara nyingi mmegawanya kwa idadi tofauti. Chukua wahojiwa 1,000: 620 wamesema Ndiyo, 280 Hapana, 100 hawana jibu. Ukigawanya kwa 1,000, Ndiyo ni asilimia 62.0. Ukigawanya kwa 900 waliojibu, ni asilimia 68.9. SPSS huchapisha zote mbili kwenye jedwali la `FREQUENCIES`, safu ya `Percent` na ya `Valid Percent`, na watu wawili wakinakili kila mmoja safu yake, ugomvi hauishi.

Programu nyingine huficha mapengo mpaka uyaombe:

- R: `table(x, useNA = "always")`
- Stata: `tabulate x, missing`
- SAS: `tables x / missing;` ndani ya `PROC FREQ`
- pandas: `df["x"].value_counts(dropna=False)`

Katika SAS, usichanganye `MISSING` na `MISSPRINT`. Ya kwanza huingiza mapengo kwenye hesabu ya asilimia; ya pili huyaonyesha tu jedwalini bila kuyahesabu.

Kabla ya mbinu yoyote ya kitaalamu, fanya hesabu hii ya mipaka. Kama wote 100 wasiojibu wangesema Hapana, Ndiyo ingekuwa asilimia 62. Kama wote wangesema Ndiyo, ingekuwa 72. Jibu la kweli kwa wahojiwa hawa 1,000 liko kati ya 62 na 72, bila kudhania chochote. Ikiwa hitimisho lako linasimama pande zote mbili za mipaka hiyo, mapengo hayakusumbui katika swali hilo.

Nimetengeneza kigeu cha 0 na 1, na mapengo yote yametoweka. Yameenda wapi?

Yamegeuka kuwa 0. Kwa maoni yetu hili ndilo kosa baya kuliko yote kwenye data za kategoria, kwa sababu matokeo yake yanaonekana safi: idadi ya mistari imetimia, hakuna onyo, na kila asiyejibu amehesabiwa kama aliyesema Hapana. Hivi ndivyo linavyotokea.

Katika Stata, `gen ndiyo = (x == 1)` huuliza kama x ni 1. Pengo si 1, kwa hiyo jibu ni 0. Andika `gen ndiyo = (x == 1) if !missing(x)`.

Katika SPSS, `RECODE x (1=1) (ELSE=0) INTO ndiyo.` hukumba pia mapengo, kwa kuwa `ELSE` hujumuisha pengo la mfumo. Weka mapengo mbele: `RECODE x (MISSING=SYSMIS) (1=1) (ELSE=0) INTO ndiyo.`

Katika SAS, `ndiyo = (x = 1);` hufanya vilevile. Katika pandas, `(df["x"] == "Ndiyo").astype(int)` nayo hutoa 0 kwa pengo.

R ni salama zaidi hapa, kwani `ifelse(x == "Ndiyo", 1, 0)` hurudisha `NA` panapokuwa na `NA`. Lakini ukitumia `case_when()` ya paketi ya dplyr na kumalizia kwa `TRUE ~ 0`, mstari huo wa mwisho hubeba kila kilichobaki, mapengo yakiwemo. Tanguliza `is.na(x) ~ NA`.

Ndugu wa kosa hili ni `pd.get_dummies()`. Bila `dummy_na=True`, mwenye pengo hupewa sifuri katika safu zote. Ukiongeza `drop_first=True`, kundi la rejea (lile ambalo safu yake imeondolewa) nalo lina sifuri katika safu zote, kwa hiyo mwenye pengo na mtu wa kundi la rejea huwa kitu kimoja machoni pa modeli.

Dawa ni ile ile kila mahali: baada ya kutengeneza kigeu kipya, pishanisha cha zamani na kipya kwenye jedwali moja lenye mapengo. Kama pengo la zamani halijaangukia kwenye pengo jipya, simama hapo.

`elimu >= 3` inanipa watu wengi kuliko ninavyotarajia kwenye Stata.

Stata huchukulia pengo kuwa kubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo wasiojibu wamehesabiwa kati ya wenye elimu ya juu. Ongeza `& !missing(elimu)`. SAS iko kinyume: kwake pengo ni dogo kuliko namba zote, kwa hiyo tatizo huonekana kwenye `elimu < 3`.

Katika R, `filter(ndoa != "Mjane")` huwaondoa wajane pamoja na wote wenye `NA`. Ukitaka wabaki, andika `filter(ndoa != "Mjane" | is.na(ndoa))`.

Je, naweza kufuta tu mistari yenye mapengo?

Wakati mwingine ni sahihi kabisa, ila ujue unachopoteza. Vigeu 10 vyenye mapengo ya asilimia 5 kila kimoja, yakiwa yametawanyika bila kuhusiana, vitakuachia takriban asilimia 60 ya mistari, maana 0.95 ikijizidisha mara 10 hutoa 0.599. Amri za regresheni katika programu zote tano hufanya ufutaji huo zenyewe au hukulazimu kuufanya. Soma idadi ya mistari iliyotumika kila mara.

Kuna hali ambazo ufutaji hauharibu makadirio ya regresheni. Moja ni pale ambapo kukosekana kunategemea vigeu huru (vinavyotumika kutabiri) vilivyomo kwenye modeli, na hakutegemei matokeo (kigeu kinachotabiriwa) baada ya vigeu hivyo kuzingatiwa. Nyingine ni mahususi kwa regresheni ya lojistiki: kama kukosekana kunategemea matokeo peke yake, uwiano wa uwezekano (odds ratio) unabaki sawa, na kinachopotoka ni kile kiwango cha msingi tu. Kukosekana kukitegemea matokeo na kigeu huru kwa pamoja, ulinzi huo hupotea.

Usilinganishe modeli mbili zilizotumia mistari tofauti. Ukiongeza kigeu chenye mapengo, modeli ya pili ina watu wachache, na jaribio la kulinganisha halina maana. R itakataa kwa ujumbe kwamba modeli hazikutumia data za ukubwa mmoja. Thamani za AIC (kipimo cha kulinganisha modeli) hazina mlinzi mkali kiasi hicho, kwa hiyo ni juu yako: chuja data kwanza, kisha endesha modeli zote juu ya watu walewale.

Nijaze mapengo kwa kategoria yenye watu wengi zaidi?

Usifanye hivyo kwa uchambuzi unaolenga kukadiria au kulinganisha. Katika mfano wetu wa wahojiwa 1,000, kuwapa wote 100 jibu la Ndiyo kunatoa asilimia 72, yaani ukingo wa juu kabisa wa mipaka. Umechagua dhana iliyokithiri kuliko zote na kuiita ya kawaida. Zaidi ya hapo, programu itaamini una majibu 1,000 halisi, itatoa kosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika) dogo kuliko inavyostahili, na uhusiano kati ya kigeu hicho na vingine utafifia.

Na kutengeneza kategoria ya "Haijulikani"?

Kwa majedwali ya maelezo ni jambo jema, linaonyesha ukweli. Kwa modeli za kutabiri pia hufaa, hasa kama mapengo yatakuwepo vilevile siku modeli itakapotumika. Lakini kwa kigeu unachokiweka ili kudhibiti athari yake, kategoria hiyo hupotosha. Ndani yake kuna mchanganyiko wa watu wa makundi yote, na kwao udhibiti haufanyiki.

Kwa R, `x[is.na(x)] <- "Haijulikani"` kwenye `factor` hutoa onyo na kukuachia `NA` zilezile, kwa kuwa ngazi hiyo haipo. Tumia `addNA(x)`, au `fct_na_value_to_level(x, "Haijulikani")` ya paketi ya forcats; ile ya zamani `fct_explicit_na()` iliachwa tangu toleo la 1.0.0. Katika pandas tangulia na `cat.add_categories()` kabla ya `fillna()`, la sivyo utapata kosa.

Nitajuaje kama mapengo yametokea kwa nasibu?

Mgawanyo unaotumika ulitolewa na Donald Rubin mwaka 1976. MCAR (kukosekana kwa nasibu kabisa) ni pale ambapo kukosekana hakutegemei chochote, kama kurasa zilizolowa maji bila mpangilio. MAR (kukosekana kwa nasibu) ni pale kunapotegemea mambo uliyoyapima, kwa mfano vijana kuruka swali zaidi ya wazee, na umri unao. MNAR (kukosekana kusiko kwa nasibu) ni pale kunapotegemea jibu lenyewe lililofichwa: wenye kipato cha juu kukataa kutaja kundi lao la kipato.

Tengeneza kigeu chenye 1 kwa pengo na 0 kwa jibu, kisha kipishanishe na vigeu vingine au kiweke kama matokeo ya regresheni ya lojistiki. Uhusiano ukionekana, MCAR imekataliwa. Lakini hakuna jaribio ndani ya data zako litakalotenganisha MAR na MNAR, kwa kuwa ushahidi unaohitajika ndio uliokosekana. Hapo husaidia anayejua jinsi data zilivyokusanywa.

Ujazaji wa mara nyingi hufanywaje kwa vigeu vya kategoria?

Wazo ni hili: kila pengo hujazwa kwa kura yenye uwezekano uliokadiriwa kutoka vigeu vingine, data nzima hujazwa mara kadhaa, huchambuliwa kila mara, kisha majibu huunganishwa. Katika R, kwa paketi ya mice:

```
d$ndoa  <- factor(d$ndoa)
d$elimu <- factor(d$elimu, levels = c("Hana", "Msingi", "Sekondari", "Chuo"), ordered = TRUE)
imp <- mice(d, m = 20, maxit = 10, seed = 2718)
fit <- with(imp, glm(matokeo ~ ndoa + elimu + umri, family = binomial))
summary(pool(fit))
```

Mistari miwili ya kwanza ndiyo inayoamua kila kitu. mice huchagua mbinu kwa kuangalia aina ya safu: `logreg` kwa kategoria mbili, `polyreg` kwa zaidi ya mbili zisizo na mpangilio, `polr` kwa zenye mpangilio, na `pmm` (kuazima thamani ya mhojiwa anayefanana) kwa namba. Ndoa ikibaki 1, 2, 3, 4, itachukuliwa kuwa namba na kujazwa kwa `pmm`, kana kwamba mjane ni mara mbili ya aliyeolewa. Ikibaki maandishi tupu, haitajazwa kabisa. Soma `imp$method` na `imp$loggedEvents` kabla ya kuendelea.

Matokeo lazima yawemo kati ya vigeu vinavyotumika kujaza. Wengi huogopa kwamba huko ni kuzunguka, lakini kuyaacha nje kunafanya thamani zilizojazwa zisiwe na uhusiano na matokeo, na athari unayoitafuta inafifia. Ondoa namba za utambulisho wa wahojiwa, hazitabiri chochote. Kuhusu `m`, yaani idadi ya mara data inapojazwa, chaguo-msingi la 5 ni dogo kwa ripoti ya mwisho. Kanuni inayofaa ni `m` isiyopungua asilimia ya mistari yenye pengo: asilimia 30, basi angalau 30.

Ukishangaa kuona `elimu.L`, `elimu.Q` na `elimu.C` kwenye matokeo, R imetumia ulinganisho wa kipolinomia kwa sababu `factor` ina mpangilio. Ndani ya `glm` andika `factor(elimu, ordered = FALSE)`. Ujumbe wa `too many weights` hutoka kwa `polyreg` yenye kategoria nyingi mno: unganisha makundi yenye watu wachache, au tumia mbinu ya `cart` (mti wa maamuzi).

Katika Stata:

```
mi set mlong
mi register imputed ndoa elimu
mi impute chained (mlogit) ndoa (ologit) elimu = umri i.matokeo, add(20) rseed(2718) augment
mi estimate: logit matokeo i.ndoa i.elimu umri
```

`augment` huokoa pale kategoria fulani inapotabiriwa kikamilifu na nyingine, hali inayokwamisha modeli. Na hapa ndipo zile herufi zinapolipa: Stata hujaza nukta tupu peke yake, huku `.a` hadi `.z` zikiachwa bila kuguswa. Waliorukwa swali kwa haki watabaki hivyo.

Katika SPSS, hakikisha `Measure` ya kigeu ni `Nominal` au `Ordinal`. Ikibaki `Scale` itajazwa kwa regresheni ya mstari. Ikikataa kwa kuwa vigezo vya modeli ni vingi, kikomo chake cha 100 hupandishwa kwa `MAXMODELPARAM`. Katika SAS ni `PROC MI` yenye `CLASS` na `FCS LOGISTIC`, kisha uchambuzi kwa `BY _Imputation_`, kisha `PROC MIANALYZE`.

Majibu huunganishwaje? Nichukue wastani tu?

Makadirio, ndiyo, kosa sanifu, hapana. Tuseme ujazaji 5 umetoa 0.40, 0.44, 0.38, 0.46 na 0.42. Wastani ni 0.42. Tofauti kati yao ina varianzi (kipimo cha mtawanyiko) ya 0.001. Kama varianzi ya wastani ndani ya kila uchambuzi ni 0.010, jumla ni 0.010 + (1 + 1/5) × 0.001 = 0.0112, na kosa sanifu ni 0.106 badala ya 0.100. Nyongeza hiyo ndiyo gharama ya kutokujua.

Thamani za p na za kai-mraba hazipigwi wastani. Kwa kai-mraba kuna `micombine.chisquare()` katika paketi ya miceadds, na kwa kulinganisha modeli nzima mice ina `D1()`.

Je, nijaze kama namba kisha nikadirishe (niizungushe) hadi kategoria ya karibu?

Hapana. Kukadirisha 0.5 kwenda 0 au 1 hupotosha uwiano, na kwa kategoria zisizo na mpangilio hakuna maana kabisa.

Nashuku ni MNAR. Nifanye nini?

Pima ni dhana kali kiasi gani ingehitajika kubadili hitimisho lako. Jaza kwa kawaida chini ya MAR, kisha sogeza uwezekano wa kategoria inayoshukiwa kwa wasiojibu, kwa mfano uongeze mara 1.5, 2 na 3, na uchambue upya kila mara. Ripoti hatua ambayo hitimisho linageuka. Kama linageuka kwenye 1.5, ni dhaifu. Kama linavumilia 3, msomaji ana sababu ya kuliamini. Andika pia idadi ya mapengo kwa kila kigeu na kwa kila kundi linalolinganishwa, mbinu ya ujazaji, vigeu vilivyotumika, `m`, namba ya mbegu na toleo la programu, na uweke matokeo ya mistari kamili kando ya yale yaliyojazwa.